Chupa Isiyopungua

Mama tulimzika Dagoretti, kando ya dada yangu Wambui, na wiki iliyofuata nikabaki mimi peke yangu mtaani Woodley kutoa vitu ndani ya nyumba. Nimeishi mahali pengi tangu niiache nyumba hiyo: Eldoret, Lodwar, Mtwapa, na miaka kadhaa ndani ya lori la mizigo lililopita Malaba kama mimi nilivyopita maisha yangu, bila kushuka. Watu huniuliza kwa nini situlii, nami huwajibu kwa mzaha. Lakini nilipoufungua mlango ule na harufu ya polishi nyekundu ya sakafu ikanipokea, nilikiri moyoni kwamba ni mwaka mmoja tu niliowahi kukaa kweli mahali, na kwamba kila siku ya mwaka huo niliomba uishe. Jirani mmoja, mama mtu mzima ambaye amehamia hapa miaka ya karibuni, aliingia kunisaidia kufunga vyombo kwa magazeti. Akawa anamsifu mama. Alisema hakuna mtu aliyekaribisha mgeni kama yeye, kwamba juisi yake ilikuwa nzito mpaka inashika meno, na wao wageni walikuwa wakiomba maji ya kuipunguza. Nilicheka kwa adabu, nikidhani anamchanganya mama na mtu mwingine.

Nyumba haijabadilika. Kuta ni zile zile za mawe, madirisha ya vyuma, na kati ya jikoni na chumba kidogo cha nyuma kuna ule ukuta wa mbao uliowekwa na mpangaji wa zamani, ukuta ambao haujawahi kuzuia hata kikohozi. Kilichobadilika ni anga. Zamani kutoka dirisha la chumba hicho uliona ua wa miiba, mti wa mgrevilia wa jirani, halafu mawingu. Sasa unaona maghorofa ya Kilimani yamesimama bega kwa bega, na matangi meusi ya maji juu ya mapaa yake. Wambui angeyapenda. Alipenda chochote kirefu. Alikuwa msusi katikati ya jiji, kwenye jengo lenye ngazi nyingi na lifti iliyokufa, na mwaka ule alirudi kwa mama akiwa na ugonjwa ulioanzia titini ukafika kwenye mifupa ya mgongo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikunipeleka popote, nikawa niko nyumbani. Basi nikawa miguu ya nyumba ile.

Kwa desturi yetu Wambui alikuwa amepewa jina la mama yake mama, na mimi jina la baba yake. Kwa hiyo mama alimwita dada yangu Mami, akaniita mimi Baba. Mwaka ule wote nilimsikia akisema jikoni, "Baba, chota maji, Mami ameamka," na mtu asiyetujua angefikiri ni mtoto anayeuguza wazazi wake. Wambui naye aliniita Prof, kwa sababu ya kemia, somo pekee nililolipenda shuleni na ambalo halikunipenda vya kutosha. Alinitania mbele ya watu. Wasichana wa saluni walipokuja kumwona aliwaambia wanisalimie kwa heshima, huyu ni Prof, alikosa chuo kikuu kwa sababu chuo kilikuwa kidogo.

Mama alikuwa na tabia ambazo mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba kama yetu atazijua. Pakiti ya maziwa haikutupwa mpaka imetiwa maji kidogo, ikatikiswa, na yale maji meupe yakamiminwa kwenye sufuria ya chai. Mkebe wa nyanya ulipata haki hiyo hiyo. Jumamosi alileta mifupa kutoka machinjioni Dagoretti, akaichemsha siku nzima, na supu ile ikaongezwa maji Jumapili, na Jumatatu, na Jumanne, mpaka Wambui akawa anasema kwamba sasa tunakunywa maji ambayo yaliwahi kusimuliwa habari za ng'ombe. Na ndani ya kabati la vioo sebuleni ilikaa chupa ya juisi ya machungwa, ile nzito ya kuchanganywa na maji, kwa ajili ya wageni pekee. Mgeni akiondoka, mama alisuuza jagi na kuyarudisha maji yale ndani ya chupa. Chupa haikupungua kamwe. Kila mwezi ilizidi kupauka. Mchungaji alikuja, akapewa maji ya manjano, akashukuru kwa dhati, na alipotoka Wambui akasema kutoka chumbani, "Mtu wa Mungu huyo. Anaona juisi kwa imani."

Dawa ya Wambui ilikuwa mofini ya maji, ya rangi ya kijani, chungu kupindukia, na ilitolewa na kliniki moja mjini iliyohudumia wagonjwa wa maumivu. Mimi ndiye niliyekwenda kuichukua. Kijiko kimoja cha plastiki kila baada ya saa nne. Kwa dawa hiyo Wambui aliweza kuketi, kula uji, kusengenya. Kisha mwezi wa pili kliniki ikaishiwa. Nilikwenda, nikarudi mikono mitupu, nikaenda tena. Mtoa dawa, mwanamke mpole, alikuwa akinitazama kupitia dirisha lake na kutikisa kichwa kabla sijaufikia mstari. Siku zile siwezi kuziandika zote. Wambui aliuma taulo. Mama aliimba nyimbo za kanisani jikoni, wimbo baada ya wimbo, si kwa sababu alikuwa na wimbo moyoni bali kufunika sauti iliyopita kwenye mbao. Majirani wakawa wanaongeza sauti ya redio zao, nasi tukaelewa kwamba ni heshima. Nilipopata chupa mpya hatimaye, mama aliipokea kwa mikono miwili kama anavyopokewa mtoto mchanga, akaisimamisha katikati ya rafu ya jikoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba hataki kuiona ikiwa tupu tena maishani mwake.

Kwa siku chache tulipata nafuu. Halafu, kuelekea Pasaka, maumivu yakarudi, kwanza kwa kunyemelea, kisha waziwazi. Kijiko kilichokuwa kikimshika saa nne kikawa kinamshika saa tatu, kisha mbili. Mama alisema ugonjwa unapanda. Wasichana wa saluni walisema hivyo. Hata mimi nilisema, kwa kuwa ndivyo ugonjwa ule ulivyo, hupanda. Tulikuwa na siku ya kwenda kliniki, Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, nami nilikuwa nimevaa viatu tayari mama aliponionyesha chupa. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Akaniambia hakuna haja ya kwenda kugombania foleni ilhali bado tunayo nyingi hivi, tutakwenda baada ya sikukuu. Nikavua viatu. Hata sikujiuliza. Chupa iliyojaa ni kitu kinachomtuliza mtu, hasa mtu aliyewahi kuiona tupu.

Ijumaa Kuu mchana, kliniki ikiwa imefungwa mpaka Jumanne, Wambui alianza kulia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, kilio kisicho na machozi, kama mtu anayeinua mzigo. Mama alimpa kijiko chake, akarudi jikoni. Nilimfuata kuchukua maji, nikasimama mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo. Alikishika kijiko chini ya bomba, akakijaza maji, akakizungusha ili utelezi wa kijani uliobaki utoke wote, na kwa uangalifu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano akayamimina yale maji ndani ya chupa ya dawa. Kisha akafunga kifuniko na kukipangusa. Ilikuwa pakiti ya maziwa. Ilikuwa mkebe wa nyanya. Hakutaka hata tone la mtoto wake lipotee kwenye bomba, na hakutaka chupa ipungue, na mambo hayo mawili yalikuwa yametimia. Nilirudi chumbani bila maji.

Jumamosi asubuhi niliketi kwenye ukingo wa kitanda nikitafuta maneno, na Wambui akanitangulia.

"Prof, rekebisha hiyo sura. Inaniumiza kuliko mgongo."

Nikamwambia kuna jambo nimeliona jikoni.

"Kijiko," akasema.

Nikasogea karibu naye.

"Nimejua kitambo. Hiyo dawa ilikuwa chungu mpaka unasahau jina yako. Siku hizi ni kama maji ya kuosha sukuma wiki." Akavuta pumzi kwa vipande. "Sasa usiende kumwambia."

Nikasema kwa hasira kwamba lazima ajue, kwamba wiki zile zote za mateso zilikuwa za bure, kwamba ni yeye mama ndiye aliyekuwa akimtesa bila kujua. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Upande wa pili wa mbao bomba lilikuwa wazi, maji yakigonga karai, kwa hiyo nilijiona salama.

"Nisikize," akasema. "Mimi naenda, hiyo tunajua. Yeye anabaki. Unataka abaki na hiyo kitu? Kila akishika kijiko?" Akafumba macho. "Wewe si ndiye ulisoma kemia? Piga hesabu, utoe mtu shida. Lakini Mama asijue."

Jikoni, bomba likafungwa. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa mahali pake, polepole, halafu hakuna kingine. Nikamwahidi.

Shuleni mwalimu wetu wa kemia alikuwa akituambia, tusihesabu maji, tuhesabu chumvi. Maji huingia na kutoka na kudanganya macho. Chumvi iliyoingia ndiyo itakayokuwamo, toa ile iliyotoka. Niliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kitabu changu cha zamani cha majedwali ya logarithimu, nikahesabu dawa. Chupa ilikuwa ya vijiko mia moja. Tangu niilete, kwa kijiko kila saa nne, vijiko karibu mia vilikuwa vimetoka. Na kwa kuwa kiwango hakikushuka wala kupanda, kila kijiko kilichotoka kilifuatwa na kijiko cha maji. Hesabu yangu ya kwanza ilisema: sehemu mia zilikuwamo, mia zimetoka, hakuna kilichobaki. Tunampa maji. Lakini hilo halikuwa kweli, kwa sababu kwenye kile kijiko cheupe bado palikuwa na ukijani hafifu, na Wambui bado alisinzia kidogo baada ya kunywa. Ndipo nilipoona kosa langu. Kijiko cha kwanza tu ndicho kilichobeba sehemu kamili. Baada yake zilibaki sehemu tisini na tisa zilizoenea kwenye vijiko mia, hivyo cha pili kilibeba pungufu kidogo, na cha tatu pungufu zaidi. Kila kijiko kiliondoka na sehemu moja ya mia ya kile kilichokuwamo saa hiyo, si cha mwanzo. Nilizidisha kwa lile jedwali, nikarudia. Jibu lilikuja lile lile. Ndani ya chupa ambayo ilipaswa kuwa imekwisha kulikuwa na zaidi kidogo ya theluthi ya dawa yote.

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikaelewa nilichokiandika. Dawa haikuwa imepotea popote. Kilichoingia chupani ama kilikuwa kimeingia kwa Wambui ama bado kimo. Ile theluthi iliyobaki ndiyo hasa aliyonyimwa. Ilikuwa imesimama pale kwenye rafu, safi, haijapungua, saa zote zile alipokuwa akilia kilio kisicho na machozi.

Nilikwenda mjini kwa miguu, nikiteremka Ngong Road, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye kiti chochote. Katika uchochoro nyuma ya mtaa wa maduka ya nguo kulikuwa na duka la dawa la Madam Nasim, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Kihindi, ambaye alikuwa mteja wa Wambui kwa miaka na alituuzia bandeji kwa bei ya huruma. Mofini hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo asingeweza kunipa. Nilimweleza yote, isipokuwa ni nani aliyetia maji. Hakuuliza. Alisema kama hujui kilichomo, kijana, hata daktari mwenyewe hawezi kukwambia umpe nini. Nikamwekea karatasi yangu kwenye kaunta. Aliisoma akiwa amesimama, akachukua kalamu, akapiga hesabu yake mwenyewe pembeni, na alipofika mwisho hakuniambia nimepatia, aliinua tu simu na kumtafuta daktari wa kliniki nyumbani kwake. Walizungumza kwa muda mrefu. Niliangalia mizani, dawa za kikohozi, kalenda ya mwaka uliopita.

"Sasa wewe unafikiria vijiko vitatu," akasema, akiweka mkono juu ya karatasi.

Nikasema ndiyo. Theluthi, mara tatu.

"Ndivyo utamuua." Alisema bila ukali. "Chupa umeihesabu. Yeye hujamhesabu. Wiki mbili mwili wake umekuwa ukipewa kidogo, umezoea kidogo. Daktari anasema kijiko kimoja na nusu. Unakaa naye. Unaangalia anavyopumua. Baada ya saa nne, kama yuko sawa, viwili. Na vitatu usivifikirie mpaka uwe umempigia daktari."

Nilirudi na maagizo hayo mdomoni kama maji ambayo sitaki kuyameza. Nyumbani nikamdanganya mama. Nilimwambia daktari amesema dawa ikikaa sana chupani huzeeka, ndiyo maana kijiko kimeongezwa, na kwamba hiyo na hata mpya nitakayoileta isiguswe tena na maji, huharibika. Nilijiandaa kwa maswali. Mama alikuwa mtu wa maswali; muuza viazi alimwogopa. Hakuuliza. Alikitoa kijiko mfukoni mwa aproni yake, akanikabidhi.

"Chukua wewe, Baba. Mikono yangu imeanza kutetemeka."

Nilimpa Wambui kijiko kimoja na nusu, nikaketi. Sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyosikiliza pumzi zile. Zilipokuwa ndefu niliogopa, zilipokuwa fupi niliogopa. Nilikuwa kijana wa alama za kushindwa, nimeshikilia jibu lililotoka kwenye kijitabu chenye jalada lililochanika, na kama nilikuwa nimekosea mahali popote, kama mama alisuuza mara mbili siku fulani, kama aliruka siku nyingine, kosa hilo lilikuwa limeshaingia kinywani mwa dada yangu. Mama alisimama mlangoni muda wote ule, hakuingia wala kuondoka. Jua lilihama kutoka kwenye blanketi likapanda ukutani. Polepole taya la Wambui likalegea, vidole vikafunguka, na akalala. Alipumua. Aliendelea kupumua. Alipoamka kabla ya jioni uso wake ulikuwa wa mtu, na la kwanza alilosema ni kwamba ile kitu imekuwa dawa tena, asante Prof, sasa leta supu ya kusimuliwa.

Jumanne nilichukua chupa mpya, na tangu hapo kijiko kilikuwa mkononi mwangu mpaka mwisho, uliokuja kwenye baridi ya mwezi wa saba. Aliondoka akiwa ametulia, mama amemshika miguu. Mwaka ulipokwisha nilitoka Woodley, na nimekuwa nikitoka mahali tangu wakati huo. Nilijiambia kwamba ingawa sikufanya kingine cha maana, niliitunza ahadi moja. Mama alizeeka bila kujua. Nilimpigia simu kutoka kila mji, nikarudi Krismasi nilipoweza, kwa siku mbili tatu zisizotosha kuona jinsi mtu anavyoishi, nikanywa chai yake, nikaondoka tena na fahari hiyo ndogo.

Kabati la vioo nililiacha mwisho. Jirani alikuwa ameshakwenda kupika. Ndani yake, mahali pake pa siku zote, ilisimama chupa ya juisi ya machungwa, na nilipoiinamisha haikwenda haraka. Iliteleza ukutani mwa chupa kwa uzito, ya rangi ya kutu, haijawahi kuonja maji. Ilikuwa imebaki kidole kimoja tu. Nilisimama nayo nikimkumbuka jirani na meno yake. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua mlango wa chini ya sinki nikitafuta mfuko wa takataka. Nyuma ya ndoo nilikuta chupa nyingine za juisi, nyingi, za miaka kwa miaka, tupu. Hakuna hata moja iliyokuwa imesuuzwa. Kila moja ilikuwa na duara la juisi lililokauka chini kama gundi, na sisimizi wa zamani wamenasa ndani yake. Mama yangu, aliyetikisa pakiti ya maziwa mpaka ikaonyesha mwangaza, alikuwa ameziacha hivyo, zimeisha, na kila ilipoisha alikubali kuiona ikiwa tupu.

Nikalikumbuka bomba, lilivyofungwa jikoni mara Wambui alipomaliza kusema.

Nilichukua chupa moja, nikaifikisha kwenye sinki, nikafungua maji. Yaligonga karai. Kupitia mbao nilikiona kile chumba kwa masikio: kitanda, dirisha, mtu akiniambia Mama asijue. Sikuiweka chupa chini ya maji. Nilifunga bomba, polepole, kama mtu asiyetaka kusikika, na nyumba ikanyamaza vile vile ilivyonyamaza Jumamosi ile, ila safari hii nilikuwa upande wa jikoni.